Karatasi Kumi na Tisa za Garissa

Jumatatu, 4 Mei 1964

"Kiti cha Garissa ni kitupu kwa sababu wenyeji wake bado hawajafahamu kura ni nini." Kasema katibu mmoja wa Chama, gazetini, ukurasa wa pili. Gazeti lenyewe ni la wiki mbili zilizopita. Limekuja na lori la msafara, linanuka dizeli.

Uongo. Kura tunaifahamu. Tuliifahamu vizuri hata tukaikataa. Mwaka jana karani wa uchaguzi alikaa na fomu zake za wagombea tangu asubuhi hadi alasiri, na jioni akazirudisha zote nyeupe. Asiyefahamu kura huipiga ovyo. Sisi hatukuipiga kabisa, mji mzima, kwa makubaliano. Nionyesheni jimbo jingine lenye nidhamu hiyo. Kiti kitupu si ujinga wetu. Ni jibu letu.

Haya nayaandika daftarini kwa kuwa hakuna gazeti litakaloyachapa. Barua zangu tatu za mwisho hazikujibiwa.

Leo nimewaandikia watu barua tisa barazani. Vibali vya kuvuka mto, maombi ya maji, maulizo juu ya watu waliokamatwa. Kafyu saa kumi na mbili. Naichukia ile robo saa ya mwisho: wanaume wazima, wenye ndevu, wanatembea mbio mbio kama wezi, kila mmoja na mlango wake.

Alhamisi, 7 Mei

Amekuja Mzee Bare Gedi mapema, meza haijakaa sawa. Mvua imenyesha upande wa Ijara na ng'ombe wake wameshaanza kutembea. Hatarudi huku mtoni mpaka malisho ya huko yaishe. Akaweka dole gumba kwenye karatasi tupu, chini kabisa, kama kila mwaka.

Utaratibu huu niliuanzisha mimi, zama za Mwingereza. Mfugaji akiwa mbali, notisi huja mjini: jibu kwa maandishi, siku saba. Nani atamfuata siku sita kwa mguu? Basi kabla ya kuondoka huniachia dole lake, na mimi huandika juu yake haja inapotokea. Kabla ya dole kugusa wino, mwenyewe hutamka karatasi itumike kwa nini, na mke wangu Halima husikiliza nyuma ya pazia. Yeye ndiye shahidi. Wote hutamka maneno yale yale: malisho, maji, mtu wetu aliyekamatwa. Basi.

Mzee Bare aliongeza lake. "Na usiniandikie maneno makali, karani. Naujua mkono wako."

Nilicheka. Nyuma ya pazia Halima alicheka zaidi.

Sasa ziko kumi na tisa sandukuni. Sijawahi kuharibu hata moja. Najivunia jambo hili kuliko yote niliyoandika.

Jumapili, 10 Mei

Farah yuko mjini. Mtoto wa ami yangu, tunaitana ina adeer tangu utotoni. Amekuja na msafara wa polisi kutoka Nairobi, amevaa tai yenye rangi za Chama. Halima alimuuliza kama amejifunga mwenyewe au amefungwa. Farah akacheka. Huwa hakasiriki. Hilo ndilo linalonitia hasira.

Atagombea kiti. Alieleza huku akila wali wetu. Chama kina wingi Bungeni, lakini si wingi wa kubadilisha katiba bila kuwabembeleza wapinzani. Kila kiti kitupu kikijazwa, kubembeleza kunapungua. Garissa hakuna atakayeshindana naye, wote wanaogopa vijana wenye bunduki wa msituni. Anahitaji wapendekezaji wanane tu, wakazi wa wilaya, kwa sahihi au dole. Fomu zirudishwe Jumamosi tarehe ishirini na tatu. Wanane, kisha anapita bila kupingwa.

Nilimwambia katiba hiyo nimeisoma yote, na yeye hajaifungua. Nilimwambia Chama kitaupata wingi wake hata bila yeye. Wapinzani watavuka ukumbi mmoja mmoja, kila mmoja na sababu yake nzuri, mpaka upande wa pili ubaki na viti na vumbi. Chama hakihitaji Garissa ili kishinde. Kinahitaji Garissa ionekane imekubali.

Akasema, "Ina adeer, kiti kikikaa kitupu na ng'ombe wakichukuliwa, nani atasimama kuuliza?"

Nikapandisha sauti. Ndivyo nilivyo, sauti hutangulia jibu linapochelewa.

"Unatafuta wanane?" nilisema. "Mimi ninao kumi na tisa sandukuni, madole yao kwenye karatasi tupu, na hata mmoja asingekupa ukucha wake."

Farah aliacha kula. Hapo ndipo nilipojua nimesema nini.

Jumatatu, 11 Mei

Nilishinda ubishi. Mjinga mimi.



Jumatano, 13 Mei

Farah amerudi, bila tai. Alikaa chini kwenye mkeka kama zamani. Anataka nane kati ya kumi na tisa. Hataki kuziiba, alisema, anaomba. Akishakuwa Mbunge atafungua njia ya Ijara na kuuliza juu ya kila aliyefungwa. Malisho, maji, watu waliokamatwa: si hayo wenyewe waliyoyataka? Basi karatasi zitumike kwa hayo hayo, kwa njia ndefu kidogo.

Nakiri ni hoja nzuri. Kijana huyu nilimfundisha mimi kusoma.

Nilimjibu kwamba jina likibandikwa mlangoni mwa boma la serikali, vijana wa msituni watalisoma siku hiyo hiyo. Serikali inawaita shifta. Mimi nawaita vijana, kwa sababu baba zao nawajua. Lakini nawajua na wao. Walimwua dereva wa lori la maji, nikaandika kuwalaani, na mpaka leo kuna nyumba hazinisalimii. Mfugaji atakayeonekana kapendekeza mtu wa Chama ataulizwa huko malishoni, peke yake, wala hatajua anaulizwa nini.

Farah alisema mimi naogopa kwa niaba ya watu ambao sikuwauliza. Nikamwambia yeye anathubutu kwa niaba ya watu hao hao. Chai ikapoa.

Akaondoka kwa heshima zote.

Ijumaa, 15 Mei

Baada ya sala mtu aliketi kando yangu akivaa viatu polepole. Simjui. Mpole, meno meupe. Aliniita adeer, kama mtu anavyomwita ami yake.

"Adeer, tumesikia una watu kumi na tisa wa Chama ndani ya sanduku lako."

Nilisema ni wafugaji, ni karatasi za maji. Akatikisa kichwa kwa adabu. Alisema karatasi tupu haina maji ndani yake. Wenzake wa msituni wanataka majina, wao wenyewe watapima nani ni nani. Ikiwa si watu wa Chama, nitakuwa nimewasaidia. Akanitakia Ijumaa njema.

Kwa hiyo Farah amesema, au aliyemsikia Farah amesema. Au ni mimi. Siku ile nilipiga kelele, na ukuta wetu ni wa matope na fito.

Nikitoa majina, nimewaua. Nikitoa karatasi, nimewaua. Nikizichoma, kila upande utaamini nimeupa mwingine, na siku ya notisi wafugaji hawatakuwa na kinywa. Mtu mwenye maneno mengi kuliko wote Garissa, na hakuna hata moja la kumsaidia.

Jumamosi, 16 Mei

Nilikwenda bomani kuomba kibali cha kutoka mjini. Nilitaka kuwafuata wenye karatasi, angalau walio karibu. Afisa alikuwa na jibu tayari. Kibali changu cha zamani kimefutwa, kipya hakitatolewa mpaka baada ya tarehe ishirini na tatu. Sababu: usalama wangu.

Mto upande mmoja, kizuizi upande mwingine. Nimezunguka mji mara mbili kwa miguu. Hauchukui hata saa nzima. Nachukia kila mti wake.

Jumatatu, 18 Mei

Lazima niandike hili kama lilivyotokea.

Jana gazeti jipya. Katibu yule yule. Safari hii anasema watu wa Kaskazini Mashariki "wameanza kuamka" na kwamba Chama kitavuna viti vyote. Kuvuna. Kama sisi mtama.

Leo baada ya alasiri nilifungua sanduku. Wazo lilikuwa rahisi, nikaliona zuri. Karatasi tupu ni hatari kwa sababu ni tupu. Zijazwe. Nikachukua ya juu, ya Mzee Bare Gedi. Nikaanza kumjibu katibu. Ee, niliandika. Niliandika juu ya mpaka uliochorwa na watu waliokuwa hawajawahi kunywa maji ya visima vyetu. Juu ya tume iliyotuuliza tunataka nini, tukajibu tuwe na ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka, na jibu likawekwa mezani kama chungu kilichopasuka. Juu ya kiti kitupu. Niliandika "sisi, tuliotia dole hapa, tunakataa." Sijapata kuandika vizuri namna ile kwa miaka mingi. Nikaona tayari zote kumi na tisa, kila moja na hoja yake, madole kumi na tisa chini, barua ambayo hakuna mhariri angethubutu kuitupa.

Nikamsomea Halima. Nilitaka asifu.

Alisikiliza mpaka mwisho, anachambua mchele. Kisha akauliza, "Hayo, Mzee Bare aliyasema?"

Nilisema hilo ndilo lililomo moyoni mwake.

"Baba Sahra, mimi ndiye niliyekuwa nyuma ya pazia. Alisema malisho, maji, mtu aliyekamatwa. Na akakuomba usimwandikie makali." Akapeta mchele. "Farah alitaka nane. Wewe unachukua zote."

Nilimkaripia. Nilisema Farah anauza na mimi natetea. Nikatoka uani, nikarudi. Nikaisoma tena ile karatasi. Hati yangu nzuri, juu ya dole la mtu ambaye saa hii anatafuta majani.

Nikaitia motoni chini ya sufuria yake. Ikabaki kumi na nane. Aibu sijawahi kuionja kama hii.

Jumanne, 19 Mei

Kutwa kucha nimeandika. Meza ya barazani sikuifungua.

Kumi na nane. Kila moja kuanzia ukingo wa juu mpaka kwenye dole, mistari ya karibu, hakuna nafasi hata ya jina moja kuingia. Malisho, maji, mtu aliyekamatwa. Nawajua wote, kwa hiyo hakuna barua inayofanana na nyingine. Huyu kisima chake kimebomoka ukingo. Huyu anaomba ndama wasipitishwe mtoni wakati wa mafuriko. Huyu anamuulizia mpwa wake aliyechukuliwa sokoni akiwa na kamba mkononi na hakuna kingine. "Naomba." "Nashukuru." "Mimi ni mfugaji." Nimeandika "naomba" mpaka kidole kikafa ganzi.

Hakuna neno kali. Hakuna neno langu. Sikujua naweza.

Halima alizihesabu, akazirudisha sandukuni. Akaniletea maziwa. Tumesameheana, nadhani.

Alhamisi, 21 Mei

Nilijua lazima kuna malipo.

Notisi imekuja kwa Mzee Bare Gedi. Shemeji yake alikuwa anarudisha sehemu ya ng'ombe kuja mtoni, wamezuiwa naye amefungwa. Kibali ni cha jina la Bare, na Bare hakuwepo. Boma linashuku ni ng'ombe wa kulisha watu wa msituni. Mwenye mali athibitishe kwa maandishi, kwa dole lake, lilinganishwe na lile la kibali. Safari hii si siku saba: mwisho Jumamosi adhuhuri. Baada ya hapo ng'ombe wataondolewa, na shemeji atapelekwa mbali.

Ndiyo kazi hasa iliyowekewa karatasi. Watu kumi na tisa, na notisi imemjia yule mmoja ambaye karatasi yake niliichoma.

Nilikwenda bomani nikaandika mbele yao barua ya sahihi yangu, kwamba ng'ombe wale nawajua, na alama yao naijua. Karani wa huko aliisoma kwa upole akanirudishia. "Mzee, wewe si mwenye ng'ombe."

Alasiri akaja Farah. Alikuwa ameshasikia. Kabla hajafungua kinywa nilimfunulia sanduku. Nilitaka aone. Alisoma moja, akasoma ya pili, akasoma zote, magotini, bila haraka. Nilingoja acheke au atukane.

Alisema, "Hizi ndizo barua bora ulizowahi kuandika."

Kisha akasema alilojia. Ana wapendekezaji saba. Wenye maduka wawili, mwalimu, wengine wa bomani wenye nyumba hapa. Anahitaji mmoja. Kesho kutwa ndiyo siku. Mgombea aliyekamilisha fomu atasikilizwa bomani kuliko karani wa barazani. Neno lake likitoka asubuhi, ng'ombe wa Bare watakunywa maji adhuhuri, na shemeji atalala kwake.

"Sitaki dole la mtu," alisema. "Nataka jina lako. Hilo ni lako."

Nilimwambia atoke. Akatoka. Hakuufunga mlango, na sikuinuka kuufunga.

Ijumaa, 22 Mei

Siwezi kuandika mengi.

Miaka yote nimesema sahihi ni mtu mwenyewe. Nimewachamba wazee waliosaini kwa sukari na majani ya chai. Nimewataja kwa majina, misikitini. Na ni kweli, katibu atapata kiti chake, Chama kitaongeza wingi, na gazeti litasema Garissa imeamka. Kila kitakachobadilishwa katika ile katiba kitabadilishwa kwa mkono wangu pia, hata ukiwa mdogo.

Na upande wa pili yuko mtu mmoja ndani, na mwenye ng'ombe aliye mbali anayeamini mambo yake yako mikononi mwa karani.

Nimetafuta njia ya tatu tangu alfajiri. Hakuna. Nimesoma kanuni za uchaguzi mara mbili. Nimekunywa chai nyingi mno.

Halima alisema jambo moja tu. Kama ni jina langu, yeye hana la kushuhudia.

Jumamosi, 23 Mei

Nimetia sahihi. Saa tatu asubuhi, bomani, mbele ya wote.

Afisa alitaka kunishika mkono. Sikumpa.

Adhuhuri ng'ombe wa Mzee Bare waliteremshwa mtoni. Wawili wamepungua. Hakuna aliyeeleza.

Alhamisi, 28 Mei

Mvua kidogo alfajiri. Ua wetu una tope.

Redio ya duka la jirani ilitangaza jana. Mgombea wa Chama, Garissa, amepita bila kupingwa. Orodha ya wapendekezaji iko mlangoni mwa boma. Mimi ni wa nane.

Shemeji yake Mzee Bare alipita barazani asubuhi. Alisimama, akanishukuru, akanitazama kama mtu anayetazama nyumba iliyohamwa. Halima alimletea chai. Hakuketi. Amechukua njia ya Ijara, na nimemwomba amweleze Mzee Bare yote, pamoja na ile karatasi na moto. Alisema ataeleza. Sijui atayaelezaje.

Wateja wawili leo. Mmoja aliketi akiangalia pembeni muda wote.

Yule mpole wa msikitini sikumwona Ijumaa iliyopita. Labda kesho. Siogopi sana, nimechoka tu. Farah alituma ujumbe kwamba naweza kwenda Nairobi na msafara, ana chumba. Nimekataa. Kibali changu kimerudi na sina pa kwenda nacho. Nani atakuwa hapa notisi zikija?

Kwa hiyo daftari hili nalitia sandukuni, na nawaandikia ninyi, mmoja wenu atakayefungua sanduku hili siku mimi sipo, awe na sare ya boma au na bunduki ya msituni. Kiswahili mnakisoma nyote. Katika fomu ya Chama kuna jina langu, nililitia mwenyewe, na aliye na neno juu yake aniulize mimi peke yangu. Karatasi hizi kumi na nane ni za wafugaji. Zisomeni, hazina kitu ila maji na majani na watu waliopotea. Msinakili jina hata moja. Kila moja mpelekeeni mwenyewe huko aliko, mkabidhini mkononi, wala msimwulize kitu.